Sheria ya Hapa Inasoma Karatasi: Hotuba kuhusu Wosia, Kodi ya Urithi na Gharama za Matunzo ya Uzeeni Uingereza

Hotuba hii ilitolewa kwenye mkutano wa watu wa Afrika Mashariki wanaoishi Uingereza. Tunaiweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Wazee wetu, shikamooni. Akina mama, akina baba, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliowaleta wazazi wenu, asanteni kwa kuja.

Najua mada ya leo haipendwi. Kwetu kijana akimuuliza baba yake hati ya nyumba iko wapi, watu wanatazamana; anaonekana anangojea mzee afe. Aibu hiyo naiheshimu, kwa sababu imetokana na adabu. Lakini niwaulize jambo moja. Mtu akifa kijijini kwetu bila kuandika neno, nani anaijua familia yake? Ukoo unaijua. Wazee wanakaa kikao. Wanajua nani ni mke, nani ni mtoto wa kuzaa na nani alilelewa, nani anadai na nani anadaiwa. Sasa wewe ukifia hapa, kikao hicho kitakaa wapi? Hakipo. Kuna ofisi, ofisi ina fomu, na fomu inataka cheti. Sheria ya hapa haiujui ukoo wako. Sheria ya hapa inasoma karatasi.

Nitakayosema kuhusu wosia ni sheria ya England na Wales. Kodi ni ya Uingereza yote. Matunzo ya uzeeni nitayaeleza kama yalivyo England. Scotland na Wales wana viwango vyao, kwa hiyo mlio na ndugu huko msiwapelekee hesabu zangu kama zilivyo.

Tuanze na anayekufa bila wosia. Wengi wanaamini mke anachukua kila kitu. Si kweli. Kama marehemu ameacha mke na watoto, mke anapata vyombo na vitu vya matumizi binafsi, anapata pauni 322,000 za mwanzo, na nusu ya kinachozidi hapo. Nusu nyingine ni ya watoto, sawa kwa sawa, na kila mmoja anakabidhiwa fungu lake akitimiza miaka 18. Kama nyumba iko kwa jina la mume peke yake na thamani yake ni kubwa, mjane anaweza kulazimika kuiuza ili watoto wapewe chao. Kama nyumba inamilikiwa na wote wawili kwa umiliki wa pamoja usiogawika, hapo inakwenda moja kwa moja kwa aliyebaki, hata wosia ukisema vingine. Je, unajua nyumba yenu iko upande gani? Ukifika nyumbani leo, tazama hati.

Sasa mfikirieni bwana mmoja, dereva wa basi. Ameishi na mke wake miaka 16. Nikahi ilifungwa sebuleni, hapa hapa Uingereza, shehe akiwepo, mashahidi wakiwepo, biriani likaliwa. Kwa msajili wa serikali hawakwenda. Hawakujaliwa mtoto, lakini wamemlea binti wa dada yake tangu ana miaka minne, na binti anamwita baba. Nyumba iko kwa jina la bwana. Akafariki bila wosia. Nani anarithi?

Mke? Hapana. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ilieleza wazi kwamba sherehe ya namna hiyo, iliyofanyika hapa bila kufuata sheria ya ndoa ya hapa, haihesabiwi kuwa ndoa kisheria. Binti? Hapana, hakuwahi kuasilishwa kwa amri ya mahakama. Wazazi wa bwana wameshafariki, basi mali inakwenda kwa kaka na dada zake, hata wale ambao hawajasemezana naye miaka mingi. Mjane anaweza kwenda mahakamani kudai chini ya sheria ya 1975 inayowalinda wategemezi, na dai hilo linatakiwa liwasilishwe ndani ya miezi sita tangu kibali cha mirathi kitolewe. Anaweza kushinda. Lakini je, hivyo ndivyo mtu alivyotaka kumwacha mke wake, akiwashitaki mawifi na mashemeji?

Nikahi iliyofungwa Mombasa au Zanzibar na kusajiliwa kule, cheti chake kwa kawaida kinatambuliwa hapa. Inayoleta msiba ni ile ya sebuleni isiyosajiliwa. Dawa yake si ngumu: nendeni ofisi ya msajili, toeni taarifa, ngojeni angalau siku 28, fungeni ndoa ya kiserikali. Nikahi yenu inabaki palepale. Angalizo moja kubwa: kufunga ndoa kunafuta wosia ulioandikwa kabla yake, isipokuwa kama wosia wenyewe umesema umeandikwa kwa kutarajia ndoa hiyo na mtu huyo. Kwa hiyo mkishafunga, andikeni upya. Talaka haifuti wosia; inamhesabu mtalaka kana kwamba amekufa kabla yako, basi ulichomwachia kinaanguka, na kama hukutaja mwingine wa kukipokea, kinaweza kwenda kusikotarajiwa.

Kwa Waislamu niongeze hili. Mtu asidhani kwamba kwa kuwa ni Mwislamu, mali yake itagawanywa kwa faraidhi, yaani mafungu ya urithi ya Kiislamu. Haitagawanywa. Bila wosia ulio halali hapa, inafuatwa ile hesabu ya pauni 322,000. Ukitaka mafungu ya faraidhi yafuatwe, yaandike ndani ya wosia unaokubalika hapa, na mahakama itauheshimu.

Wosia wenyewe unaandikwaje? Mwandishi awe na miaka 18 na akili timamu. Uwe kwenye maandishi. Atie saini mbele ya mashahidi wawili walio pamoja naye chumbani kwa wakati mmoja, nao watie saini zao mbele yake. Si mmoja leo na mwingine kesho baada ya zamu ya usiku. Hapo ndipo wosia nyingi za kujiandikia zinapokufa. Na shahidi asiwe anayerithi, wala mume au mke wa anayerithi. Mkamwana akitia saini kama shahidi, wosia unabaki halali lakini mwanao anakosa fungu lake. Hebu fikirini: familia imekaa mezani kwa upendo, anaitwa aliye karibu asaini, na kwa kusaini anamnyang'anya mumewe urithi. Waiteni majirani. Waiteni watu wa kazini ambao hamuwaachii kitu.

Karatasi zikishabanwa pini, msizibandue, hata kwa kupiga nakala. Ofisi ya mirathi ikiona matundu ya pini ya zamani inauliza kama kuna ukurasa uliotolewa, na msimamizi wa mirathi, yule uliyemtaja kuutekeleza wosia, anaanza kuandika maelezo ya kiapo. Wekeni nakala halisi mahali pasipo na maji wala moto, na msimamizi ajue ni wapi. Wosia usiopatikana, na ulikuwa mikononi mwa marehemu, unadhaniwa kuwa aliuharibu kwa makusudi.

Msimamizi anaweza kuwa pia mrithi. Hilo halina shida. Chagueni wawili, na angalau mmoja aishi hapa, kwa sababu benki na mamlaka ya kodi wanataka mtu wa kusaini na kuthibitisha kitambulisho, na aliye mbali atahangaika. Wenye watoto wadogo, andikeni mlezi. Baba na mama wote wakifa bila kumtaja mlezi, mahakama ndiyo itakayoamua, na bibi aliye Tabora au Kakamega ataanza na maombi ya viza.

Na wenye mali huku na kule, nisikilizeni kwa makini. Ni jambo jema kuwa na wosia mbili, mmoja wa mali ya hapa na mwingine wa ardhi ya nyumbani, maana ardhi inafuata sheria ya nchi ilipo. Lakini karibu kila kielelezo cha wosia kinaanza na sentensi ya kufuta wosia zote zilizotangulia. Umeandika wa London Januari, ukaenda likizo ukaandika wa Nairobi Agosti, na ile sentensi imo. Umeshaufuta wa London bila kujua. Kila mmoja useme unahusu mali ya nchi gani tu, na kwamba haugusi ule mwingine. Mwanasheria wa hapa na wa kule wasomeane.

Sasa tuje kwenye kodi.

Kodi ya urithi ni asilimia 40, lakini haitozwi juu ya mali yote. Inatozwa juu ya kinachozidi kiwango cha msamaha. Kila mtu ana pauni 325,000 zisizotozwa. Kiwango hicho hakijapanda tangu 2009, na bei za nyumba zimepanda mno, ndiyo maana kodi iliyokuwa ya matajiri leo inabisha hodi kwa muuguzi na mpishi. Nyumba uliyoishi ukimwachia mwanao au mjukuu wako, unaongezewa hadi pauni 175,000, jumla 500,000. Nyongeza hii huanza kupungua mali ikivuka pauni milioni mbili. Unachomwachia mume au mke wa ndoa ya kisheria kwa kawaida hakitozwi, na msamaha ambao wa kwanza kufa hakuutumia unahamia kwa aliyebaki. Ndiyo maana wanandoa wanaweza kufikia pauni milioni moja bila kodi. Yule mjane wa nikahi ya sebuleni? Haya yote hayamhusu.

Niulize: humu ukumbini, nani ana kiwanja nyumbani? Nani amejenga? Mikono mingi. Basi hili ni lenu. Zamani kodi hii ilitazama makazi yako ya asili, yaani nchi unayoihesabu kuwa ndiyo kwenu na unakokusudia kuishia. Wengi walisema, mimi nitarudi, na hoja hiyo iliweza kusimama. Tangu tarehe 6 Aprili 2025 swali hilo limeondoka. Sasa wanahesabu miaka. Kama umekuwa mkaazi wa kikodi hapa kwa miaka 10 au zaidi katika miaka 20 ya kodi iliyopita, mali yako yote duniani inaingia hesabuni. Nyumba ya kupangisha Kisumu imo. Shamba la Morogoro limo. Hisa, akaunti ya benki, kiwanja ambacho hujakijenga, vyote vimo, kwa bei ya soko ya siku uliyokufa, vikigeuzwa kuwa pauni.

Na kurudi nyumbani hakukati uzi siku hiyohiyo. Aliyekaa kati ya miaka 10 na 13 anaendelea kuhesabiwa kwa miaka mitatu baada ya kuondoka. Aliyekaa zaidi anaongezewa mwaka kwa mwaka, hadi kikomo cha miaka 10 kwa aliyekaa 20 au zaidi. Mzee anayestaafu na kurudi Arusha akiwa na miaka 66 baada ya kuishi hapa miaka 30, akifariki na miaka 72, bado anahesabiwa. Kenya na Tanzania hazina kodi ya urithi, kwa hiyo hakuna kodi iliyolipwa kule ya kukupunguzia ya hapa.

Tufanye hesabu. Tuseme mama mmoja, hajaolewa, muuguzi, amekaa hapa miaka 25. Nyumba yake ni pauni 480,000. Akiba ni 40,000. Vyumba vya kupangisha alivyojenga nyumbani vina thamani ya 120,000. Jumla 640,000. Watoto wake walipiga hesabu ya mali ya hapa peke yake, 520,000, wakaona kilichozidi ni 20,000 na kodi ni 8,000. Kumbe kilichozidi ni 140,000, na kodi ni pauni 56,000. Na kama mama huyo hakuzaa, mali yote anamwachia binti wa kaka yake aliyemlea na kumsomesha? Ile nyongeza ya 175,000 haipo, kwa sababu mtoto wa ndugu si kizazi chako mbele ya kodi. Kinachozidi ni 315,000. Kodi ni pauni 126,000. Malezi ni yaleyale na mapenzi ni yaleyale. Tofauti ni karatasi ya kuasili, ambayo mahakama ingeweza kuitoa binti alipokuwa mdogo.

Sasa tuseme aliwahi kuolewa na mumewe akafariki kabla yake bila kutumia msamaha wake. Kama anawaachia watoto, msamaha wa mume unaweza kuongezwa juu ya wa mama na kodi ikaisha kabisa. Lakini hauongezwi wenyewe. Msimamizi auombe ndani ya miaka miwili tangu mwisho wa mwezi aliofariki mama, akiwa na cheti cha ndoa, cheti cha kifo cha mume, na wosia wake kama aliuacha. Mume alifariki 1998 Tanga. Cheti kiko wapi? Wengi wanakwama hapo. Kitafuteni sasa, wakati aliyekiweka bado yuko hai.

Kuna hatari nyingine inayoniumiza zaidi. Ulituma fedha, kaka akanunua kiwanja, hati ikaandikwa jina lake kwa kuwa wewe ulikuwa mbali. Mamlaka ya kodi, HMRC, wanaweza kusema kiwanja ni chako, kwa sababu fedha ni zako na kaka alikushikia tu. Msajili wa ardhi wa nyumbani anasema ni cha kaka, kwa sababu jina ni lake. Watoto wako wanaweza kujikuta wanalipia kodi ardhi ambayo hawataikanyaga. Ukienda likizo, hati hiyo iwe kazi yako ya kwanza kabla ya harusi na ziara. Andikianeni, sajilini, mbele ya wakili.

Zawadi je? Ukimpa mtu mali ukaishi miaka saba, zawadi hiyo inatoka hesabuni. Kuna pauni 3,000 kwa mwaka ambazo hazihesabiwi hata ukifa kesho, na usipozitumia unaweza kuzivusha mwaka mmoja tu. Kuna pauni 250 kwa kila mtu mwingine. Kuna harusi: mzazi hadi 5,000, babu au bibi hadi 2,500. Na kuna msamaha ambao sisi tungeupenda kuliko wote kama tungeujua: zawadi za kawaida kutoka kwenye kipato. Hauna kikomo cha kiasi. Masharti ni matatu: ziwe na utaratibu wa kujirudia, zitoke kwenye mapato na si kwenye akiba, na zikishatoka ubaki na cha kutosha kuishi maisha yako ya kawaida. Ada za wapwa, fedha za kila mwezi kwa shangazi, zinaweza kuingia humo. Fedha za kumtunza mzazi aliyezeeka asiyejiweza, zikiwa za kiasi kinachofaa, zina msamaha wake pia.

Lakini atakayethibitisha ni nani? Wewe utakuwa umekufa. Mali bila daftari huisha bila habari. Nunua daftari. Kila mwaka wa kodi andika mapato yako, matumizi yako, kilichobaki, na ulichotuma: tarehe, kiasi, jina la mpokeaji. Fomu ya HMRC ya kutaja zawadi, IHT403, inataka mambo hayohayo, mwaka kwa mwaka. Risiti za kutuma fedha zilizo kwenye simu zitazimika pamoja na simu, zichapishe.

Mengine niyapitie haraka. Mkigawa kwa faraidhi, mke mwenye watoto anapata moja ya nane, na msamaha wa mwenzi unagusa hiyo moja ya nane tu. Inayokwenda kwa watoto inahesabiwa mara moja. Mfikirie hilo na mwanasheria anayejua pande zote mbili. Mume au mke anayeishi nyumbani na hajafikisha miaka yake 10 hapa, msamaha wake una kikomo cha pauni 325,000 kama aliyekufa alishaifikisha, ingawa anaweza kuchagua kuhesabiwa kama mkaazi. Sadaka kwa taasisi ya hisani ya Uingereza haitozwi, lakini msikiti, kanisa au shule ya kijijini haimo mpaka ipitie taasisi iliyosajiliwa hapa. Na kuanzia tarehe 6 Aprili 2027 akiba nyingi za pensheni zisizotumika zitaingia kwenye hesabu ya mali, kwa hiyo wenye pensheni za kazini rudieni hesabu zenu.

Kodi inatakiwa kulipwa kufikia mwisho wa mwezi wa sita baada ya mwezi wa kifo, na baada ya hapo riba inaanza. Kodi inayotokana na nyumba au ardhi inaweza kulipwa kwa mafungu 10 ya kila mwaka. Benki ya marehemu inaweza kuwalipa HMRC moja kwa moja kabla ya kibali kutoka. Tatizo ni kwamba shamba haliuzwi kwa miezi sita. Acheni fedha taslimu mahali ambapo msimamizi anaweza kuzifikia.

Sasa uzee wenyewe, maana si wote tutakaoondoka ghafla. Wengine tutadhoofika taratibu, na watoto wako kazini zamu mbili.

Matunzo si sawa na matibabu. Hospitali ya NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, haikudai. Nyumba ya kulelea wazee inadai, na mara nyingi inavuka pauni 1,000 kwa wiki. Halmashauri ya England inapima mali yako. Ukiwa na zaidi ya pauni 23,250 unajilipia yote. Kati ya 14,250 na 23,250, kila pauni 250 inahesabiwa kama kipato cha pauni moja kwa wiki. Chini ya 14,250 akiba yako haiguswi, lakini pensheni yako karibu yote inakwenda, unabakishiwa kama pauni 30 kwa wiki za matumizi yako.

Nyumba inahesabiwa? Ukitunzwa nyumbani kwako, hapana. Ukihamia kabisa, bila kutarajia kurudi, kwenye nyumba ya wazee, ndiyo, isipokuwa kama bado anaishi humo mume, mke au mwenzi wako, ndugu mwenye miaka 60 au zaidi, ndugu aliye na ulemavu, au mwanao wa chini ya miaka 18. Wiki 12 za mwanzo kwa kawaida haihesabiwi. Baada ya hapo unaweza kuomba mkataba wa kuahirisha malipo: halmashauri inalipia, inaweka dai juu ya nyumba, na inalipwa nyumba ikiuzwa, pamoja na riba. Hamlazimiki kuuza nyumba mama akiwa hai. Wengi huuza kwa hofu kwa sababu hakuna aliyewaambia hivyo.

Mfikirieni mama mwenye miaka 78. Ameanguka mara mbili na daktari ametaja ugonjwa wa kusahau. Mwanawe amesikia habari ya miaka saba, basi wanaandika nyumba kwa jina la mwana, mama anaendelea kuishi humo bila kulipa kodi ya pango. Wameharibu mara tatu. Kwanza, kwa kuwa mama hakutoka, HMRC wanaihesabu bado ni yake, hata ipite miaka 20. Pili, halmashauri haina miaka saba. Inauliza: alipoitoa, alikuwa na sababu ya kutarajia kwamba atahitaji matunzo, na kukwepa gharama kulikuwa sababu kubwa? Ikiona ndiyo, inamhesabu kana kwamba nyumba bado anayo, na inaweza kumdai mwana aliyeipokea. Tatu, mwana akiachana na mkewe au akifilisika, nyumba ya mama imo kwenye mali yake. Miaka saba ni ya kodi. Miaka saba si ya matunzo. Mwenye kukuuzia mpango wa kuficha nyumba akikuhakikishia kwamba halmashauri haitaigusa, usitie saini.

Njia ya halali kwa wanandoa ipo, nayo inafanywa wote wakiwa wazima. Mnagawa umiliki wa nyumba uwe wa mafungu, kila mmoja na nusu yake, kwa fomu ya SEV ya msajili wa ardhi. Kisha wosia wa kila mmoja unasema nusu yake iwekwe amana: aliyebaki aishi humo maisha yake yote, naye akifa iwe ya watoto. Aliyebaki akihitaji kutunzwa, nusu ya marehemu haikuwa yake kamwe. Inahitaji mwanasheria. Lipeni, ni nafuu kuliko kesi.

Na kabla hujalipa senti ya matunzo, uliza kuhusu mpango wa NHS uitwao Continuing Healthcare. Ukipita, NHS inalipa yote, na mali haitazamwi. Kinachopimwa ni kama hitaji lako kuu ni la kiafya. Kuna orodha ya awali, kisha tathmini kamili ya maeneo 12: kupumua, kula, ngozi, mwendo, kumbukumbu, tabia na mengineyo. Familia zetu zinaanguka hapa kwa sababu ya heshima. Muuguzi anauliza, usiku analala? Binti anajibu, tunajitahidi, si mbaya. Usiseme si mbaya! Sema ameamka mara tano, amejaribu kutoka nje mara mbili, amenipiga nilipombadilisha. Andika kila siku kwa wiki mbili kabla ya kikao, nenda na maandishi yako. Ukikataliwa baada ya tathmini kamili, una miezi sita ya kuomba uamuzi uangaliwe upya.

Kuna posho ya Attendance Allowance kwa waliofikia umri wa pensheni na wamehitaji msaada kwa miezi sita. Haitazami mali. Lakini mwenye viza isiyomruhusu kupata fedha za umma asiiombe kabla ya kupata ushauri wa uhamiaji.

La mwisho ni hati ya uwakala wa kudumu, ile mnayoiita LPA. Tuseme mzee amepata kiharusi, hawezi kuzungumza. Mkewe anakwenda benki kulipa mkopo wa nyumba. Wanamwuliza, una hati? Anasema, mimi ni mke wake, miaka 40. Haitoshi. Ndoa haimpi mamlaka juu ya akaunti ya mumewe, na hata akaunti ya pamoja inaweza kuwekewa vizuizi mmoja akipoteza uwezo wa kuamua. Sasa lazima aende Mahakama ya Ulinzi, alipe ada, bima na usimamizi wa kila mwaka, angoje miezi.

Hati ziko mbili, moja ya fedha na mali, nyingine ya afya na ustawi. Zinaandikwa ukiwa na akili zako. Akili zikishapotea mlango umefungwa. Kila moja inasajiliwa kwa pauni 92, na wenye kipato kidogo wana punguzo. Saini zifuate mpangilio: wewe kwanza, kisha mtu huru anayethibitisha kwamba umeelewa na hujalazimishwa, awe anakufahamu kwa miaka miwili au ni mtaalamu, na mawakala mwisho. Tarehe zikigeuka, inarudishwa. Wakala hana ruhusa ya kugawa fedha zako apendavyo. Zawadi zake ni za siku kama harusi na sikukuu, na ziwe za kiasi. Kwa hiyo fedha unazotuma nyumbani zinaweza kukatika siku utakapougua, na hilo uliongee na mwanasheria wakati wa kuandika. Usitegemee kwamba hati hii itakubaliwa benki ya Dar es Salaam au kwa msajili wa ardhi Nakuru. Kule andaa nyingine. Zote zinakufa siku unayokufa wewe, na hapo ndipo wosia unaposhika.

Mezani pale mlangoni kuna fomu tupu za LPA na karatasi yenye mistari ya daftari la zawadi. Chukueni. Sasa niko tayari kwa maswali. Tuanze na mama aliyeinua mkono kule nyuma tangu tulipotaja viwanja.